Kumtafuta Mjomba Masasi, Mikorosho Ikitoa Maua

Wanangu wakiniuliza mtu akienda Masasi afanye nini, nawajibu azunguke. Mji ule niliujua kwa miguu, uchochoro kwa uchochoro, msimu mmoja mikorosho ilipokuwa inatoa maua, na wala sikuwa na haja ya kuujua. Nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu, kaka yangu. Kila niliyemuuliza aliniambia, "Zungukazunguka, dada, utamkuta." Mpaka leo neno zunguka likitajwa mbele yangu nachefukwa.

Binti yangu wa kwanza, huyu ambaye watu wote wananiita kwa jina lake, alichomwa na kisiki shambani tukifyeka chini ya mikorosho. Alikuwa bado hajavunja ungo. Tukamwekea dawa tuliyoizoea, majani ya kutwanga na majivu ya moto, na mguu ukavimba. Tukabadilisha majani. Ukaanza kunuka, vidole vikawa vyeusi. Hapo baba yake akampakia kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka hospitali ya Newala, mimi na mama yangu tukifuata nyuma na mkeka na sufuria.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mtu wa maneno machache. Aliufunua ule mguu, akautazama, akaufunika. Akasema ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi. "Ukipanda, nitakata juu ya goti," akasema. "Ukipanda tena, sitakuwa na pa kukata." Kisha akauliza nani anatoa ruhusa.

Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Hakufungua kinywa, na hakuna aliyemtazama. Mama yangu ndiye aliyejibu, "Mjomba wake yuko Masasi."

"Bibi, mimi nauliza mzazi."

"Ndiyo, mwanangu. Nimekwambia yuko Masasi."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mkubwa wa ukoo wa mama ni mjomba. Mjomba ndiye anayesema mtoto atachezwa unyago lini na ataolewa na nani. Baba ni mtu wa heshima, analima, anatandikiwa mkeka, lakini mwili wa mtoto si wake kuupeleka kwenye kisu. Mume wangu aliponioa alihamia kwetu, akajenga kwa wakwe zake, na miaka yote ile sikumsikia akisema "mwanangu" mbele ya kaka yangu. Alikuwa akisema "mtoto wenu". Sikuliona hilo kuwa jambo la ajabu. Hata yeye hakuliona.

Basi nikaondoka mimi. Kaka ninaye mmoja tu, na mama alikuwa mtu mzima, asingeweza kupanda lori. Waliobaki waliambiwa walete maji, maana Newala maji ni ya kutafuta, na chumba cha upasuaji nacho kilikuwa kinangoja ndoo za ndugu wa mgonjwa. Nilipokuwa napanda lori nilimwona mume wangu anafunga madumu kwenye baiskeli ashuke bondeni. Hakuniaga. Nilikuwa na hasira naye, na kama ungeniuliza amenikosea nini nisingejua la kukujibu. Nadhani ni ule ukimya wake.

Lori likateremka ukingo wa uwanda wa juu wa Newala. Kule chini miti ya porini ilikuwa imetoa majani mapya, mengine mekundu, mengine ya rangi ya asali, miembe imejaa maua, na mashamba yote ya mikorosho yananukia ile harufu tamu inayokwaruza koo. Nchi ilikuwa nzuri hadi inakera. Nikajifunika kanga usoni.

Masasi nilifikia kwa mwenzangu mmoja tuliyechezwa unyago pamoja. Alikuwa akiuza chai na vitumbua karibu na stendi. Nilipomweleza, hakunipa pole nyingi. Alinikalisha, akanipa chai, akaniacha nilie mpaka kikombe kikapoa, kisha akasema, "Basi sasa. Ukiendelea kunililia hapa utanifukuzia wateja, watadhani vitumbua vyangu vimeua mtu. Twende mjini."

"Mjini wapi?"

"Kokote wanaume wasio na kazi wanakokwenda. Kaka yako si mwanamume asiye na kazi?"

Alikuwa amesema kweli. Zamani kaka yangu alikuwa mpimaji wa korosho wa chama cha ushirika. Ukimtaka, unakwenda ghalani, unamkuta kando ya mizani yake na kalamu sikioni, kila siku ya Mungu. Ikaja ruksa. Kila mwenye gari na mizani akaruhusiwa kununua korosho, watu wakashuka na magari kutoka tusikokujua, na kaka akauacha mlango wa ghala akaenda Masasi kuwa mtu wa wanunuzi. Kazi yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Korosho zilikuwa bado maua, na mji umejaa wanaume waliovaa vizuri wanaosubiri maua yawe korosho. Hawana la kufanya, kwa hiyo walikuwa wanafanya kila kitu.

Tukaanzia kwenye mitumba. Asubuhi watu wote walikuwa huko, bale zikikatwa kamba. Zikikatwa, nguo zinafura zenyewe kama unga uliotiwa hamira, na wanawake wanazirukia. Muuzaji mmoja alisimama juu ya meza amevaa koti zito la manyoya, jasho linamtiririka, anaimba bei. Watu wanacheka. Mwenzangu naye akacheka, na hata mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Halafu nikaona viatu vya watoto. Walikuwa wamevifunga kwa kamba zake viwiliviwili, wakavitundika kwenye mti wa banda, cha kulia na cha kushoto. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, watu wananiruka.

Mwenzangu alinishika kwapani akaninyanyua. "Kaka yako alikuwa hapa," akaniambia. "Wamemwona. Ameondoka sasa hivi kwenda kunyoa."

Kwa kinyozi tulikuta kiti kitupu na redio. Kinyozi akasema ndiyo, amemnyoa, tena amemwekea na alama pembeni, akaondoka. Wapi? Akafikiri huku anapangusa mashine yake. Alisikia wanazungumza habari ya Nanganga, kwamba tajiri wao anatafuta mahali pa kuweka mizani. Nikamuuliza kama anajua watarudi lini. "Mama, tulia," akasema. "Mji mzuri huu siku hizi. Kaa, sikiliza redio." Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa Kiislamu hapaswi kumwambia kinyozi.

Nikaenda Nanganga. Mwenzangu alinitafutia gari la magunia, nikakaa juu ya magunia matupu, jua linanichoma utosini. Nilipofika nikauliza kwenye duka la kwanza barabarani. Mwenye duka, mzee mwenye kikohozi, akaniamkua vizuri, akaniuliza habari za nyumbani, habari za mashamba, mimi najibu nzuri, nzuri, huku moyo unawaka. Ndipo akaniambia kwamba hao watu walikuja wakatazama uwanja, wakanywa soda, wakarudi Masasi. "Mmepishana njiani," akasema. "Gari lao jeupe. Hukuliona?"

Nililiona. Lilitupita likatutimulia vumbi, nikafumba macho.

Nilikaa kwenye benchi la yule mzee kungoja gari la kunirudisha, na hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa. Nilikuwa nauona ule weusi unapanda. Sasa umefika kwenye kifundo, sasa umefika kwenye ugoko, sasa uko chini ya goti, na mimi niko Nanganga natazama kuku. Nikamwomba Mungu amponye au amchukue, moja kati ya hayo, lakini aniondolee kungoja. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nilijiziba mdomo. Yule mzee aliniona, akadhani nina kiu, akaniletea maji ndani ya kata. Nikayanywa yote.

Masasi tena. Mwenzangu alikuwa amefunga biashara yake mapema, jambo ambalo watu wa stendi walilizungumza wiki nzima baadaye. Akanipeleka kwenye banda la video. Wakati ule banda la video ndilo lilikuwa jambo kubwa mjini. Lilikuwa limezungushiwa magunia, jenereta inanguruma kwa nyuma, na ndani giza la mchana, wanaume wamejipanga kwenye mabenchi wanatazama watu wa nchi nyingine wakipigana ngumi. Mwenye banda alitaka nilipe. Nikampita. Nikasimama mbele ya ile televisheni na kuliita jina la kaka yangu kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Mama, unaziba," mtu akasema gizani.

Nikaita tena.

"Huyu anatafuta mume," mwingine akasema. "Njoo huku, mie bado nina nafasi." Wakacheka banda zima. Mwenzangu, ambaye ulimi wake ni wembe, akamjibu kutoka mlangoni kwamba nafasi aliyonayo inajulikana mpaka Lulindi na hakuna aliyeitaka. Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya kicheko kile na sikuweza kusogea. Nikawaambia, "Nina mtoto anaoza."

Ngumi tu za kwenye televisheni ndizo zilizosikika. Mtu mmoja wa benchi la nyuma akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, yule jamaa hayumo humu. Alikuwa anakwenda kupiga picha, pale studio, nyuma ya msikiti."

Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukutani wamechora ghorofa, ndege inapaa, na bustani ya maua ambayo hayaoti kwetu. Kaka yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka, amevaa koti la studio na tai ya studio, na sikioni ameshika simu ya studio, ambayo waya wake umekatwa na kufichwa chini ya kitambaa. Anatabasamu kama anayezungumza na mtu mkubwa. Mpiga picha anamwambia, "Tulia hivyo hivyo." Aliponiona hakuiweka chini ile simu. Alibaki ameishika, ila tabasamu lilimtoka.

Nikamwamkua, kwa kuwa ni mkubwa kwangu, akaitikia. Nikamweleza yote, pale pale mbele ya yule mpiga picha, kisiki, majani, vidole, maneno ya daktari. Nikamwambia tunangoja neno lake. Aseme tu ndiyo, tena kama anaweza aje mwenyewe. Na kama hawezi, anitume mimi na neno.

Alivua tai kwanza. Akaikunja vizuri akaiweka kwenye kiti. Akasema, "Mtoto wa kike, dada."

"Najua ni wa kike, nimemzaa mimi."

"Nani atamwoa? Leo nikisema akatwe, kesho watu watasema mjomba wake ndiye aliyemkata. Hata yeye akikua atasema. Mimi nitaliweka wapi neno hilo?"

"Usiposema atakufa."

"Mwambie baba yake aseme."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba yake ana sauti gani kwetu?"

"Leo anayo," akasema.

Jamani. Siku posa ya dada yetu mdogo ilipoletwa, nani alikaa mbele? Siku mume wangu alipotaka kumpeleka huyu huyu mtoto akakae kidogo kwa bibi yake mzaa baba, nani alikataa kwa neno moja, na mwenzake akainamisha kichwa akarudi shambani? Nikamwambia yote hayo. Nikamwambia kwamba ujomba wake ni wa pilau, kukiwa na kilio anauvua kama lile koti la kuazima. Nilisema na mengine. Mpiga picha alitoka nje kimya kimya, akatuachia chumba chake.

Kaka yangu alikuwa analia, mtu mzima, machozi yanadondokea kwenye lile koti ambalo si lake. Ndipo nilipojua kwamba anaogopa tu, anaogopa kama mimi, na hana kingine chochote cha kunipa. Afadhali angenitukana.

Asubuhi alinikuta stendi kabla lori halijaondoka. Nilidhani amekuja kupanda. Alinipa kifurushi cha gazeti, akasema ni cha mtoto, akageuka. Ndani mlikuwa na gauni la mtumba, zuri, la bluu, refu la kufagia chini. Alimnunulia mtoto gauni refu kiasi kile kwa nini, sikuhitaji kuuliza. Mwenzangu alilitazama akalikunja upya. Alisema, "Basi amesema, kwa namna yake." Mimi nilisema gauni si ruhusa. Niliapa kwamba nikifika juu nitamwambia daktari mimi mwenyewe, mwanamke, bila mjomba wala nani, na mama yangu akitaka kunilaani anilaani.

Njia ya kupanda uwanda ni ndefu kuliko ya kushuka, muulize yeyote. Lori likachemka, tukashuka, tukangoja lipoe. Dereva na utingo wake wakaanza kuchuma mabibo ya kwanza kwenye mkorosho wa watu uliowahi kuzaa, wanakula, juisi inawachuruzika kwenye viwiko, wananiita nami nikale. Nikatangulia kwa miguu. Walinikuta mbele sana.

Mama yangu alikuwa ameketi nje ya wodi, amenipa mgongo. Nikajua limetokea jambo. Nikapiga magoti mbele yake nikamuuliza, yu hai? Akasema, "Yu hai. Muulize mumeo alichokifanya."

Kumbe siku ile ile niliyoondoka, mume wangu alipopanda kutoka bondeni na madumu ya maji, aliyapeleka moja kwa moja kwa daktari. Akayapanga. Kisha akanyoosha kidole gumba akasema anataka kukiweka pale panapotakiwa. Mama yangu alisimama mbele yake, akamwambia mwenye mtoto hajaja. Mume wangu akamjibu, "Mama, asiyekuwepo na lake halipo." Neno hilo ndilo lililomuuma mama yangu kuliko kisu. Mkwe kumjibu mkwewe, hadharani, mbele ya manesi. Wakaukata chini ya goti, kama daktari alivyotaka tangu mwanzo. Na tangu mguu ulipotoka, mume wangu naye akatoka. Hajaonekana. "Amekimbia aibu yake," mama akasema.

Niliingia ndani. Mtoto alikuwa macho, mdogo sana juu ya kile kitanda, shuka limesimama upande mmoja na upande wa pili limelala. Nilimshika mkono. Sijui nilikuwa na furaha au sikuwa nayo. Nilimchukia tu kila mtu, kaka yangu, mama yangu, daktari, na mume wangu ambaye amethubutu na kisha ametukimbia.

"Mama," akasema, "mguu wangu uko wapi?"

"Utapona, mama. Lala."

"Nimeuliza uko wapi."

Nesi alikuwa kitanda cha jirani. Akasema baba yake aliuomba, wakamfungia kwenye kitenge alichokuja nacho, akaondoka nao. Mama yangu, aliyekuwa amenifuata mpaka mlangoni, akanong'ona kwamba atakuwa ameutupa bondeni. Mtoto alisikia. Akageuza uso ukutani, wala hakulia, na hilo ndilo lililonimaliza. Nikakaa naye hivyo, namtazama kisogo, mpaka jua lilipopinda.

Mume wangu aliingia alasiri ile. Alikuwa hana kofia, magoti yake mekundu kwa udongo, amebeba jembe. Akaliegemeza mlangoni. Akampitia mama yangu kwanza, akainama.

"Shikamoo, mama."

Mama yangu hakuitikia. Alitazama pembeni kama vile hakuna aliyesema kitu, na wagonjwa wote wakaona. Mume wangu alingoja kidogo, akiwa ameinama vile vile, kisha akaja kitandani.

Mtoto akageuka. "Baba, umeupeleka wapi?"

"Nimeuzika."

"Wapi?"

"Makaburini kwenu," akasema. "Kwa mama zako wakubwa, karibu na bibi yake bibi. Nilifikiria kwetu, lakini kwetu ni mbali. Ukizeeka, siku wewe ukipelekwa, utaukuta hapo hapo. Hutasumbuka kuutafuta."

Alikuwa ametembea usiku kucha nao begani mpaka kijijini, akachimba peke yake kwenye makaburi ya ukoo wetu, mahali ambapo mkwe hachimbi bila kuambiwa. Hakumuuliza mtu. Mtoto alikuwa anafikiri. Alikuwa anasoma Kurani chuoni, na maalimu wao alikuwa mkali.

"Umeuelekeza kibla?"

"Nimeuelekeza."

Mtoto akafumba macho. Mume wangu alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi, na hakuna aliyempa kiti. Nyuma yetu, mlangoni, nikamsikia mama yangu anajikohoza.

"Marahaba, baba," akasema.